Kufufua kagari ka rimoti ka zamani na kukatengenezea bodi upya

Karibu kila wiki kuna mtu ananifikia hapa Nakuru na boksi ya viatu, ndani kuna kagari ka rimoti ka miaka ya themanini ama tisini, bodi imepasuka, tairi moja haiko, na swali la kwanza ni lile lile, hii inaweza kupona? La pili ni bodi nitatoa wapi. Nimeyajibu mara nyingi sana, kwa hivyo leo nayaandika yote mahali pamoja ndio usome pole pole ukiwa na gari yako mezani.

Inapona. Karibu zote zinapona. Zile nimeona zikikataa kabisa ni zile mwenyewe alichomeka betri siku ya kwanza aone kama itawaka, kumbe gia zimekwama, grisi imekauka kama kipande cha sabuni, mota ikavuta stima yote na haiwezi kuzunguka, waya zikaungua. Hiyo haraka inaua hizi gari kuliko kutu na kuliko watoto. Kwa hivyo sheria yangu ni moja: betri inaingia mwisho. Na ile bodi iliyovunjika usitupe, hata kama umebaki na nusu yake na kipande cha buti, utaona kazi yake huko mbele.

Kwanza jua uko na gari gani

Igeuze, fungua chini, angalia. Ukiona bodi moja ya saketi yenye kila kitu, waya nyembamba zimechomelewa moja kwa moja mpaka kwa mota, hiyo ilikuwa toi ya dukani, kama zile za Nikko na Taiyo. Inatengenezeka lakini spea yake ni kuokoteza kutoka kwa nyingine kama hiyo. Ukiona risiva (inayopokea mawimbi ya rimoti) ni kaboksi kake pekee, servo (kamota kenye kamkono) ya kukata kona pekee, mota ya bati nene pekee, hapo uko na gari ya kuundwa kwa mkono, ya Tamiya ama Kyosho ama wenzao, na una bahati. Tamiya Grasshopper na Hornet zilitoka 1984, Lunch Box 1987, na kampuni ilizitoa tena miaka ya 2000, kwa hivyo gia, mikono ya mbele, rimu na hata bodi zake unaweza kuagiza mpya.

Zinatoka wapi huku kwetu? Kwa toi za mitumba, zaidi sana. Hornet yangu niliitoa soko la Kibuye, Kisumu, Jumapili moja asubuhi, chini ya rundo la mabuti ya mpira na midoli isiyo na vichwa, haina bodi, haina rimoti, na mama aliyekuwa anauza alinipimia bei ya tairi nne tu kwa sababu alidhani hizo ndizo nataka.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Bisibisi za nyota aina ya JIS, yaani za kipimo cha Japani, saizi mbili. Hii narudia hapo chini kwa sababu ni muhimu.
- Trei ya mayai. Si mzaha, utaihitaji.
- Mswaki wa zamani, sabuni ya sahani, pamba za masikio, spiriti ya duka la dawa, siki nyeupe.
- Grisi nyeupe ya kutumika kwa plastiki na mafuta ya cherehani.
- Pasi ya solda, solda, na mita ya kupima volti.
- Wembe wa kukatia wenye mpini, makasi ya kucha yaliyopinda, msasa wa namba 120, 240, 400 na 800.
- Kwa bodi: plasta ya Paris kilo 5, mbao na hadibodi, silikoni ya kuziba, klipu za karatasi zile kubwa nyeusi, na vakyum ya nyumba, hata ya kuazima kwa jirani.
- Shiti ya plastiki ya PETG ama polikaboneti yenye unene wa milimita 1. Waulize mafundi wa mabango, wao ndio wanajua nani anauza. Kwa kujifunza, zile ngao za uso za wakati wa Korona nyingi zilikuwa PET ama PETG nyembamba, ziko bado kwa madrowa ya watu.

Kazi ya chasisi

1. Piga picha kila upande kabla ya kugusa kitu. Na hasa mahali waya zinapita na jinsi fimbo za usukani zimekaa. Utafikiri utakumbuka. Baada ya wiki mbili hutakumbuka.

2. Toa betri ya zamani na usiichaji. Nyingi ni NiCd (nikeli na kadimiamu) za seli 6, volti 7.2, na zimeshakufa kitambo. Ukikuta unga mweupe ama wa kijani kwa vyuma, hiyo ni dawa ya betri ilivuja, chovya pamba kwa siki, pangusa mpaka iache kutoa povu, halafu pangusa na maji kidogo na ukaushe. Hizo seli ziko na kadimiamu ndani, ni sumu, usichome na takataka na usiache mtoto achezee.

3. Fungua kwa mpangilio wa trei. Kila shimo la trei ya mayai ni sehemu moja ya gari: shimo la kwanza skrubu za bampa, la pili za mkono wa kushoto, hivyo hivyo, unaandika kwa kalamu pembeni. Sasa kuhusu bisibisi. Skrubu za gari za Japani za wakati huo zinafanana na nyota ya kawaida lakini si hiyo, pembe zake ni za JIS, na bisibisi ya kawaida ya hadwea inapanda juu na kuteleza inapokaza. Mara mbili hivyo na kichwa cha skrubu kimekuwa bakuli. Ikishakuwa bakuli, weka kipande cha mpira wa rubabendi kati ya bisibisi na skrubu, sukuma kwa nguvu, zungusha pole pole, mara nyingi inatoka.

4. Osha plastiki kwa maji vuguvugu na sabuni ya sahani. Basi. Vumbi letu la Nakuru ni jivu la volkano, laini kama unga wa ngano na lina makali, likichanganyika na grisi linakuwa msasa ndani ya gia, kwa hivyo mswaki upite kila kona. Usitumie petroli, usitumie thina. Nilishawahi kuosha mikono ya mbele ya gari kwa petroli kwa sababu uchafu ulikuwa umekataa, ikatoka safi inang'aa, na siku ya tatu nikakuta nyufa kama nywele kote kwenye matundu ya skrubu. Plastiki ilikuwa imekauka ndani. Sikuweza kuirudisha.

5. Shughulikia mota. Zungusha shafti kwa vidole. Inatakiwa iende kwa vihatua vidogo vya sumaku, isikwaruze. Weka tone moja la mafuta ya cherehani kila mwisho wa shafti, moja tu, mafuta yakifika kwa kaboni, zile brashi za ndani, yanafanya uchafu unaoleta cheche. Kama matundu ya bati yanaonyesha komyuteta, ile pete ya shaba inayoguswa na kaboni, isafishe na pamba ya masikio iliyochovywa spiriti mpaka shaba ing'ae. Halafu ijaribu ikiwa peke yake mezani kwa betri mbili za tochi, volti 3, dakika tano. Ikizunguka kwa sauti moja laini, iko sawa. Hapa ndio pekee unaruhusiwa betri mapema, na ni kwa sababu mota haijashikana na kitu.

Angalia pia kama kapasita ndogo tatu ziko mgongoni mwa mota, zile zilizoandikwa 104. Moja inaunganisha vichwa viwili, zingine mbili zinatoka kila kichwa kwenda kwa bati. Zikikosekana gari inatetemeka kama ina homa, hasa ukiwa bado na rimoti ya zamani.

6. Gia na beringi. Fungua boksi ya gia, toa grisi yote ya zamani, hesabu meno yaliyovunjika. Jino moja likikosa usijidanganye, badilisha. Ukiweka grisi mpya weka kidogo, ya kupaka meno tu, si ya kujaza boksi. Gari nyingi za Tamiya za bei ya chini zilitoka na bushi za plastiki kwa magurudumu, hizo toa uweke beringi za 5 kwa 11 kwa 4 milimita, ni saizi ya kawaida na hii ndio pesa ndogo yenye faida kubwa kwa kazi yote. Sukuma gari kwa sakafu kabla na baada, utaona.

7. Spidi. Gari za zamani hazikuwa na elektroniki ya spidi, zilikuwa na servo inayosukuma kamkono juu ya vipande vya shaba, na kipande cheupe cha kauri kinachokuwa moto sana. Ukitaka iwe kama ilivyotoka, safisha shaba kwa msasa wa 800 na spiriti, na usiguse ile kauri gari ikitoka kukimbia, inaunguza ngozi. Ukitaka ya kuendesha kila Jumamosi, weka ESC (kidhibiti spidi cha elektroniki) ya mota za brashi ya ampia 60 na ile ya zamani uihifadhi kwa boksi. Mimi nafanya hivyo. Mtu akinunua gari siku moja apate vyote.

8. Rimoti. Za zamani nyingi zilikuwa 27 MHz na kristali mbili zinazolingana, moja kwa rimoti, moja kwa risiva. Kristali moja ikipotea, usihangaike kuitafuta. Nunua seti ya 2.4 GHz ya chaneli mbili, inaingia mahali pale pale, na antena ndefu ya waya uibakishe kwa sura tu.

9. Rudisha pamoja, na hapa sikiliza vizuri. Skrubu ya kuingia kwa plastiki usiikaze moja kwa moja. Iweke kwa shimo, izungushe kinyume pole pole kama unafungua, utaisikia ikishuka kwa kamlio kadogo, tik, hapo imeingia kwa njia yake ya zamani, sasa ndio ukaze. Usipofanya hivyo inakata njia mpya juu ya ile ya kwanza na baada ya mara tatu shimo limekuwa pana, halishiki tena. Na ile gundi ya kuzuia nati zisifunguke usiiweke mahali inagusa plastiki, inapasua.

10. Sasa betri. Weka chasisi juu ya kopo, magurudumu hewani. Betri ya NiMH ya volti 7.2 ndio salama kwa anayeanza. LiPo (betri ya lithiamu) ya seli mbili inafanya kazi lakini lazima ESC yako iwe na kikomo cha volti ya chini na uwe na chaja ya kubalansi, inayosawazisha seli, na usiiache ikichaji ukilala. Gusa spidi kidogo. Kona kushoto, kona kulia. Dakika mbili, zima, gusa mota. Ikiwa moto hata ya kushikika kwa shida, kuna kitu kimebana, rudi hatua ya 6.

Kazi ya bodi

Hapa ndio moyo wangu uko. Chasisi ni ufundi tu, lakini gari bila sura yake ni kama nyumba bila paa.

11. Amua: kutengeneza ama kuunda upya. Bodi ngumu, ya plastiki nene iliyopakwa rangi nje, inatengenezeka. Toboa kashimo ka milimita 1.5 pale ufa unapoishia ndio usiendelee, kisha ziba kwa ndani. Kama ni ABS, ile plastiki ngumu ya toi, katakata vipande vya plastiki ya aina hiyo hiyo, loweka kwa asetoni ndani ya chupa ya glasi usiku mmoja, unapata uji, huo ndio gundi bora kabisa kwa sababu ni plastiki yenyewe. Bodi ya wazi, ile nyembamba ya polikaboneti iliyopakwa rangi ndani, asetoni inaiua papo hapo. Hiyo ukitoboa kashimo ka kuzuia ufa, weka kwa ndani utepe wa wavu wa mafundi wa jipsam na gundi ya viatu ile inabaki kama mpira, lakini jaribu gundi kwanza kwa kipande.

Rimu na bodi nyeupe za ABS zilizogeuka njano kama meno, paka krimu ya oksijeni ya saluni ya asilimia 12, funika na plastiki ya kufungia chakula, weka juani, geuza kila nusu saa. Nakuru tuko karibu mita 1850 juu ya bahari na jua letu linafanya hii kazi vizuri sana. Vaa glovu, usiache krimu ikauke, itaacha michirizi. Nyekundu na bluu usijaribu, zitapauka.

12. Kutoa umbo kutoka kwa bodi ya zamani. Ndio maana nilisema usitupe. Ziba madirisha na nyufa kwa nje na tepu, vipande vilivyokosekana tengeneza kwa kadibodi, kisha geuza bodi iwe kama bakuli na uiegemeze kwa mchanga ndio isitanuke. Paka ndani vaselini nyembamba. Plasta: vikombe viwili vya unga kwa kikombe kimoja cha maji, na unga ndio unanyunyizwa kwa maji, si maji kwa unga, la sivyo unapata mabonge. Mimina pole pole kutoka pembe moja, gonga gonga mchanga pembeni mapovu yapande. Itapata joto ikishika, usiogope.

Kwa nini ndani na si nje? Kwa sababu shiti mpya ya plastiki itapashwa moto na kuvutwa na vakyum ikae juu ya plasta, na sehemu ya nje ya plasta ni sehemu ya ndani ya bodi ya kwanza, kwa hivyo bodi mpya inatoka saizi ile ile. Ukichukua umbo kwa nje, bodi yako inakuwa nene kwa kila upande na mistari ya milango inapotea.

Toa, ziba mapovu na plasta laini, pitisha msasa mpaka 400, halafu iache juani wiki nzima. Wiki. Plasta yenye unyevu ikikutana na plastiki ya moto inatoa mvuke, na bodi inajaa malengelenge.

13. Kama huna bodi kabisa, unachonga. Watu wengi wanataka gari za Safari Rally, na nawaelewa. Mimi nilitaka Pijo 504, ile iliyoshinda Safari 1975 na tena 1978 kama kupe, na ile ile iliyotubeba watu tumebanana barabara ya Kisumu. Rafiki yangu yeye anachonga Lancer ya Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, aliyeshinda nayo 1974 na 1976.

Hesabu inaanzia kwa magurudumu, si kwa urefu wa gari. Chasisi nyingi za barabara za skeli ya 1/10 zina milimita 257 kutoka gurudumu la mbele mpaka la nyuma. Pijo 504 saluni yenyewe ni 2740. Gawanya, unapata 10.66, na hiyo ndio namba ya kugawanya kila kitu. Urefu 4490 unakuwa 421. Kimo 1460 kinakuwa 137. Upana 1690 unakuwa 159, na hapo ndio shida, kwa sababu chasisi kwa upana wa magurudumu ni kama 185. Magurudumu yatatokeza zaidi ya sentimita moja kila upande. Dawa ni mbili: rimu nyembamba zinazoingia ndani zaidi, ama kuvimbisha fenda kama gari za rali zilivyokuwa. Nilivimbisha. Usipanue gari yote, ukipanua paa na bonet haitakuwa Pijo tena, jicho linajua hata kama mwenye jicho hawezi kusema ni nini kimeharibika.

Chonga kwa mbao laini, jaza na bodi fila ya mafundi wa magari. Zile taa za mbele za 504 zilizoinama kwa pembe na ule mvunjo wa buti inaposhuka, hapo nilikaa jioni tatu, natoa, naweka, nashika taa ya simu kwa ubavu nione kivuli. Kivuli ndio kinakuambia kama mstari umenyooka.

Pande zote zilale kidogo kwenda ndani juu, digrii 3 hadi 5, na kusiwe na mahali panapojikunja kuingia chini, kama chini ya bampa. Plastiki itajifunga hapo na umbo halitoki bila kuvunja kimoja. Bampa zifanye pekee uje ubandike. Toboa vishimo vya milimita 1 kwa kila bonde, kwa pembe za madirisha, kwa grili, hewa ipitie hapo. Mwisho inua umbo lote juu ya kibao cha sentimita 2.

14. Boksi ya kuvuta. Boksi ya mbao, juu hadibodi yenye matundu ya milimita 3 kila sentimita 2, ubavuni tundu moja la mpira wa vakyum, kila kiungo kimezibwa na silikoni. Fremu mbili za mbao zinazotoshana na juu ya boksi, shiti inabanwa katikati na zile klipu. Washa vakyum, weka kiganja juu: ukihisi kinavutwa sawasawa kote, iko tayari.

15. Pasha na uvute. Oveni ya nyumbani inatosha kwa PETG. Weka fremu ndani, kaa hapo uangalie, usiende kujibu simu. Kwanza shiti inakunjamana, halafu inanyooka, halafu inaanza kulegea katikati kama kitambaa chenye maji. Ikilegea sentimita 2 ama 3, vakyum tayari inanguruma, toa na glovu nene, shusha juu ya umbo kwa mkono mmoja ulionyooka, bonyeza fremu mpaka iguse boksi. Sekunde tano na Pijo imetokea hapo mbele yako, na mimi mpaka leo kila mara ikitokea napiga kelele.

Polikaboneti ni ngumu zaidi kwa ajali lakini inanyonya unyevu wa hewa, lazima ikaushwe kwanza kwa saa kadhaa kwa joto la karibu digrii 120, na inataka joto kubwa zaidi kuvutwa. Kisumu na unyevu wa ziwa usiruke hiyo hatua. Anza na PETG. Shiti za PVC usiweke kwa oveni hata kidogo, zikizidi joto zinatoa moshi wa asidi. Akriliki nayo inavutika, lakini ikigonga ukuta inavunjika kama glasi.

Huna vakyum wala oveni? Faiba. Hapo unatumia kalibu ya nje, yaani umbo la shimo lililochukuliwa kwa nje ya bodi, nta tabaka tatu, mati ya nyuzi za glasi ya gramu 300 mara mbili, rezini na hadna asilimia 1 hadi 2, kwa joto la Kisumu kaa kwa 1. Inatoka nzito lakini haifi. Wakati wa kusugua vaa maski, vumbi la faiba si la kuvuta. Na rezini ya poliesta inayeyusha maboksi meupe ya samaki, usichonge umbo kwa hayo bila kuliziba.

16. Kata. Usikate kwa nguvu. Pitisha wembe mara mbili juu ya mstari bila kutoboa, kunja, inapasuka yenyewe kwa usawa. Fenda kata na makasi ya kucha, anza ndogo, panua pole pole.

17. Rangi. Bodi ya wazi inapakwa ndani, kwa hivyo kila kitu ni kinyume. Osha na sabuni, kausha, usiguse tena ndani na vidole. Ziba madirisha kwa ndani. Rangi nyeusi na za giza zinaanza, nyeupe na za kung'aa zinafuata, ukianza na nyeupe halafu nyekundu utaona nyeupe tu. Tabaka nyembamba nne, dakika kumi kati yake. Tumia rangi ya polikaboneti, ile ya kopo ya magari inabanduka kama maganda siku gari inapinduka mara ya kwanza. Faiba nayo inapakwa nje na rangi ya gari kama kawaida.

18. Kupachika. Nguzo za bodi paka lipstiki juu, shusha bodi iliyonyooka, bonyeza, inua, una alama nne. Toboa kadogo, panua mpaka ipite. Mimi nilitoboa kwa kukisia mara moja na ile bodi ina matundu manane.

Ikikataa

Servo inatetemeka bila kuguswa: kapasita za mota, ama betri imeisha. Anza na betri.

Inaenda nyuma ukisukuma mbele: badilisha waya mbili za mota, ama swichi ya kugeuza kwa rimoti. Servo ya kona nayo ikigeuka kinyume, ni swichi kama hiyo, lakini ya chaneli ya kwanza.

Mota inazunguka, gari haiendi: pinioni, ile gia ndogo ya mota, imelegea kwa shafti, kaza kaskrubu kake upande ule bapa.

Gia zinalia kama mashine ya kusaga: pinioni imebanwa sana na gia kubwa. Weka kipande cha karatasi kati ya meno, kaza mota, toa karatasi.

Plastiki imekunjamana kwa pembe za umbo: pembe iko wima sana ama shiti ni ndogo kwa kimo. Ongeza sentimita 5 kila upande.

Sura imetoka laini, mistari haionekani: shiti ilipoa kabla haijafika, ama matundu ya umbo yameziba na rangi. Yapitie na pini moja moja. Hiyo shiti usiitupe, PETG ukiirudisha kwa oveni inanyooka tena karibu kama ilivyokuwa, na unaweza kuvuta mara ya pili.